Maria Montessori na Mpango wa Siku ya Mtoto Mdogo

Kila mwaka wanachuo wanaporudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huwauliza ni darasa lipi lililowapa taabu zaidi. Mtu angedhani watalitaja darasa la saba, lenye mtihani, au darasa la tatu, lenye hesabu za kuzidisha. La hasha, wengi hulitaja darasa la awali. Husema kwamba somo walilolitayarisha usiku kucha lilikwisha kwa dakika kumi, nao wakabaki na watoto hamsini na asubuhi nzima isiyo na kazi. Wakaimbisha, wakaimbisha tena, mpaka watoto wakachoka. Wengine wakalia, wengine wakatoka nje. Kosa halikuwa la watoto, wala somo halikuwa baya. Siku yenyewe ndiyo iliyokosa mpango.

Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha ya mtu aliyelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi, yaani Dakta Maria Montessori, Mtaliana. Tumemchagua kwa sababu alianza kama wengi wetu tutakavyoanza: chumba kimoja, watoto wapatao hamsini, wazazi maskini walioondoka kwenda kazini alfajiri, na msaidizi asiye na mafunzo ya ualimu. Baada ya kuyaeleza maisha yake, tutatazama jinsi mpango wake unavyoweza kutufaa katika kijiji kama Mkwaja, Wilaya ya Pangani, ambako saa za nyumbani hufuata bahari.

Utoto na masomo yake

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, si mbali na pwani ya mashariki ya Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Renilde, alikuwa mwanamke aliyependa sana kusoma vitabu, jambo lisilokuwa la kawaida kwa wanawake wa siku zile. Mwaka 1875 familia ilihamia Roma, na huko ndiko Maria alikosoma.

Tangu ujana wake alichagua njia zisizozoeleka. Alisoma katika shule ya ufundi iliyokuwa ya wavulana, kisha akaazimia kusomea udaktari. Baba yake hakufurahi, lakini mama yake alimtia moyo. Katika Chuo Kikuu cha Roma haikuhesabiwa kuwa ni adabu mwanamke kupasua maiti mbele ya wanafunzi wanaume. Kwa hiyo alilazimika kuifanya kazi hiyo peke yake, baada ya wenzake kuondoka. Alivumilia, na mwaka 1896 akahitimu, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupata shahada ya udaktari nchini Italia.

Kazi yake ilimpeleka katika hospitali za wagonjwa wa akili. Huko aliwakuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa pamoja na watu wazima, hawana cha kushika wala cha kufanya mchana kutwa. Daktari mwingine angewaandikia dawa. Montessori aliona kwamba walichohitaji zaidi ni malezi na kazi ya mikono. Alisoma kwa makini maandishi ya madaktari wawili wa Kifaransa, Itard na Séguin, akatengeneza vifaa vya kushika, kupanga na kulinganisha, na tangu mwaka 1900 akashiriki kuongoza chuo kilichowafunza walimu wa watoto wa namna hiyo. Baadhi ya watoto wale walijifunza kusoma na kuandika, wakafaulu mtihani sawa na watoto wa shule za kawaida. Watu walimsifu, yeye akajiuliza ni kitu gani kinachowazuia watoto wenye afya katika shule za kawaida wasiende mbele zaidi ya hapo.

Nyumba ya Watoto

Jibu alilianza katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi maskini mjini Roma. Kampuni moja ya majumba ilikuwa imeyatengeneza upya majengo ya mtaa huo na kuyapangisha. Wazazi waliondoka asubuhi na kurudi jioni, na watoto wasiofikia umri wa shule walibaki wakizurura ngazini na kuchafua kuta. Wenye nyumba waliona ni afadhali kuwakusanya watoto hao katika chumba kimoja kuliko kupaka rangi kila mara, na Montessori akaombwa kuisimamia kazi hiyo. Tarehe 6 Januari 1907 chumba kilifunguliwa, kikaitwa Nyumba ya Watoto.

Tunawaomba wanachuo wazingatie kwamba mwanzo huu haukuwa wa fahari. Montessori alikuwa na kazi nyingine, hakuweza kushinda hapo kila siku. Aliyekaa na watoto alikuwa msichana asiyesomea ualimu. Watoto walikuwa wa miaka mitatu hadi sita hivi, wengi wao waoga na wenye kulialia. Masharti yalibandikwa ukutani: mzazi amlete mtoto akiwa safi, amheshimu mwalimu, na mama aje kuzungumza na mwalimu angalau mara moja kwa juma. Kwa njia hiyo siku ya shuleni na siku ya nyumbani zilifungwa pamoja tangu mwanzo.

Katika kitabu chake cha kwanza juu ya njia hiyo, kilichotoka mwaka 1909, Montessori alieleza mpango wa siku ya majira ya baridi. Tunaueleza hapa kwa saa zetu. Watoto waliingia saa 3 asubuhi. Saa nzima ya kwanza haikuwa ya kusoma. Watoto waliamkiana, wakakaguliwa usafi, wakasaidiana kuvaa aproni, wakazunguka chumba kutazama kama vumbi limefutwa na kila kitu kiko mahali pake. Kisha wakaketi kusimulia mambo ya jana, na kusali. Saa 4 hadi saa 5 ilikuwa ya kazi za akili: kutaja majina ya vitu, kulinganisha ukubwa, rangi na sauti, na katikati yake mapumziko mafupi. Kisha nusu saa ya mazoezi mepesi ya mwili, yaani kutembea vizuri, kusalimu, kuweka kitu bila kishindo. Saa 5 na nusu walikula. Saa 6 hadi saa 7 walicheza watakavyo. Saa 7 hadi saa 8 walicheza michezo ya kuongozwa, huku wakubwa wakishika zamu ya kufagia na kupanga vifaa. Saa 8 hadi saa 9 ilikuwa ya kazi za mikono, kama kufinyanga udongo na kuchora. Saa ya mwisho ilikuwa ya nyimbo na kutunza mimea na wanyama, mpaka saa 10 walipoagana. Tena alisisitiza kwamba walio wadogo kabisa wapate kulala mchana.

Mambo mawili yanaonekana katika mpango huu. Kwanza, kazi za kawaida za maisha, kama kunawa, kufagia, kukunja nguo na kuandaa chakula, hazikuwekwa pembeni ya masomo. Zilikuwa ndiyo masomo yenyewe. Pili, kazi ya kutuliza akili ilifuatwa na kazi ya kuchangamsha mwili, wala mtoto hakukalishwa mahali pamoja kwa saa nyingi.

Alivyosahihisha mpango wake

Lakini sifa kubwa ya Montessori, kwa maoni yetu, si kwamba alitunga ratiba. Ratiba hutungwa na kila mtu. Sifa yake ni kwamba aliketi akawatazama watoto, na alipoona ratiba yake imekosea, aliisahihisha ratiba badala ya kuwaadhibu watoto.

Siku moja alimwona msichana mdogo wa miaka mitatu hivi akichomeka vipande vya mti vya mviringo katika matundu yake, akivitoa na kuvichomeka tena. Montessori aliwaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka. Msichana hakuinua kichwa. Akakinyanyua kiti pamoja na mtoto, akakiweka juu ya meza. Mtoto akavikumbatia vipande vyake, akaendelea. Alirudia zoezi lile zaidi ya mara arobaini, kisha akaacha mwenyewe, akitabasamu kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mzuri. Kumbe mtoto mdogo anaweza kushika kazi kwa muda mrefu, maadamu kazi ni yake na hakuna anayemkatiza.

Siku nyingine mwalimu alichelewa kufika, na kabati lilikuwa limesahauliwa wazi. Watoto walikuwa wamechagua vifaa wenyewe na kuanza kazi. Mwalimu alitaka kuwaadhibu kama wezi. Montessori alielewa kwamba wanavifahamu vifaa vyote na mahali pake. Tangu hapo makabati makubwa yaliondolewa, pakawekwa yale mafupi ambayo mtoto huyafikia. Aliona pia kwamba mwalimu alipokuwa akirudisha vifaa, watoto walimzunguka. Nao hawakutaka ila kurudisha wenyewe. Akatambua kwamba mtoto wa umri ule ana njaa ya utaratibu. Kitu kikiwa mahali pake, na jambo likija kwa zamu yake, moyo wake hutulia. Yakivurugika, hulia, na watu wazima humwita mtundu.

Baadaye, katika kitabu cha mwaka 1916, alieleza jambo linalostahili kukumbukwa na kila mwalimu. Watoto huanza asubuhi na kazi nyepesi. Yapata saa 4, chumba huchafuka: kelele huongezeka, wengine huacha kazi na kuzurura. Mwalimu asiyejua hudhani wamechoka, hupiga kengele na kuwatoa nje. Montessori aliona kwamba uchovu huo si wa kweli. Wakiachwa kidogo, hurudi wenyewe na kuichagua kazi ngumu kuliko zote za siku ile, na wakiimaliza huwa watulivu na wakunjufu. Kwa sababu hiyo asubuhi iliyokatwakatwa vipande ikageuka kuwa muda mrefu mmoja wa kazi, usiokatizwa. Mfuatano wa siku ulibaki uleule. Vipindi vifupi ndivyo vilivyoondoka.

Mtoto wake mwenyewe

Hatuwezi kueleza maisha yake kwa haki bila kutaja upande wake wa huzuni. Mwaka 1898 Montessori alimzaa mtoto wa kiume, Mario, nje ya ndoa. Kwa desturi za siku zile, jambo hilo likijulikana lingeukomesha utumishi wake. Mtoto alipelekwa kulelewa na familia moja shambani, nje ya Roma, na mama yake akawa mgeni wa kumtembelea. Hivyo katika miaka ileile aliyokuwa akipanga saa za watoto wa San Lorenzo, tangu kuvaa aproni hadi kuagana, hakushiriki siku za mwanawe mwenyewe. Mario alikuja kukaa naye akiwa kijana, baada ya bibi yake Renilde kufariki mwaka 1912, na kwa muda mrefu watu waliambiwa kuwa ni mpwa wake.

Hatulitaji hili ili kumhukumu. Miongoni mwetu wako walimu, na wanachuo pia, waliowaacha watoto wao kwa bibi zao ili waje kusoma au kufundisha watoto wa wengine. Wanajua uzito wake. Yawezekana kwamba mtu aliyekosa kumwamsha na kumlaza mwanawe alifahamu kuliko wengine thamani ya mambo madogo yanayorudiwa kila siku. Mario naye hakumtupa mama yake; alifanya kazi pamoja naye mpaka mwisho, na baada ya kifo chake akaiendeleza kazi hiyo.

Safari na mwisho wake

Njia ya Montessori ilienea upesi. Mwaka 1913 alifundisha mafunzo ya kwanza ya kimataifa mjini Roma, na mwaka huohuo akaenda Marekani. Aliishi Barcelona kwa miaka mingi, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipomwondoa mwaka 1936. Serikali ya Mussolini, ambayo kwanza ilimsaidia, iligombana naye, na mwaka 1934 akaiacha Italia. Katika Ujerumani ya Hitler shule zake zilifungwa. Mwaka 1939 alikwenda Bara Hindi kufundisha walimu, na vita vikuu vikamkuta huko. Akiwa raia wa nchi adui wa Uingereza, yeye na Mario waliwekwa kizuizini. Mario aliachiliwa Agosti 1940, mama yake alipotimiza miaka 70. Hata hivyo waliendelea kufundisha, na walimu wengi wa Bara Hindi walipitia mikononi mwao kabla hawajarudi Ulaya mwaka 1946. Montessori alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk, Uholanzi, kando ya bahari, akazikwa hukohuko.

Njia yake imefika Tanzania pia, na masista wa Kikatoliki ni miongoni mwa walioileta. Katika Mkoa wetu wa Tanga walimu wake wamekuwa wakifunzwa Lushoto. Si kwamba haikupingwa. Mwaka 1914 Mmarekani William Kilpatrick alitoa kitabu cha kuikosoa, akiona kwamba vifaa vyake vinambana mtoto mno. Sisi pia hatumfuati katika kila jambo. Yeye hakupendelea watoto wadogo wasimuliwe ngano za mazimwi na majini. Watoto wetu wa pwani wamelelewa kwa hadithi na vitendawili, na siku isiyo na hadithi tunaiona pungufu.

Mpango wa siku katika kijiji cha pwani

Sasa tuje Mkwaja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na ile ya mwaka 2014 ikaifanya ya lazima. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi anayepangiwa kijiji kama hiki asidhani kwamba darasa la watoto wadogo, ambalo wazee waliliita shule ya vidudu, si lake.

Katika kijiji cha wavuvi, nyumba haina saa moja ya kudumu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika hamsini hivi kuliko jana. Leo baba anashusha chombo alfajiri. Baada ya juma moja atakishusha mchana. Wakati wa bamvua akina mama huteremka mwambani maji yakitoka, na mtoto hubaki na dada yake. Wavuvi wa dagaa hukesha usiku wa giza na kulala mchana. Kinachosimama imara katika siku ya mtoto ni adhana, chuo cha Kurani, na shule. Mwalimu hana budi kulielewa hili: pale ambapo saa za nyumbani huhama, darasa liwe mahali pasipohama.

Mtoto wa miaka mitano hajui saa, lakini anajua mfuatano. Hajui saa 4. Anajua kwamba baada ya kazi huja uji. Kwa hiyo mwalimu aweke nguzo chache, zisizopinduliwa. Nguzo ya kwanza ni kuingia: viatu kupangwa mlangoni, mikono kunawishwa kwa kata mtungini, mikeka kutandikwa na watoto wenyewe, kila mmoja kuamkiwa kwa jina lake, kisha habari za jana. Atakayesema kwamba baba hakurudi usiku asikilizwe; huenda hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Nguzo ya pili ni kazi, kwa muda mrefu usiokatizwa. Vifaa tunavyo: vifuu vya nazi vya kupanga kwa ukubwa, simbi za kuhesabu, mchanga mlaini wa kuandikia kwa kidole, makuti ya kusuka. Viwekwe chini, mahali pamoja kila siku, mtoto achukue na kurudisha. Nguzo ya tatu ni uji, pamoja na kuosha vikombe kwa zamu. Nguzo ya nne ni mchezo chini ya mwembe. Ya tano ni hadithi, na ya mwisho ni kufagia kwa ufagio wa chelewa, kumwagilia mpapai, kukunja mikeka na kuagana.

Mvua ikinyesha, mchezo uingie ndani; lakini hadithi isitangulie uji. Uji ukikosekana siku hiyo, watoto na wanawe mikono, waketi, wanywe maji kwa pamoja, ili zamu ile isipotee. Na katikati ya asubuhi kelele zitakapozidi, mwalimu asikimbilie kengele wala fimbo. Asubiri, atazame, amsaidie mmoja au wawili kuchagua kazi, na aone kama wengine hawatarudi wenyewe.

Tunapendekeza kila mwanachuo atakayekwenda mazoezini achukue daftari dogo, na kwa siku tano za kwanza aandike mambo matatu: mtoto gani alilia na ni wakati gani, kazi gani ilirudiwa bila kuamriwa, na ni saa ngapi darasa lilichafuka. Siku ya sita aitazame ratiba yake na kuirekebisha kwa kufuata aliyoyaandika. Hivyo ndivyo Montessori alivyofanya San Lorenzo, katika chumba kilichofunguliwa ili kuta zisichafuliwe.